Upinde wa Kipimo cha Mama Fundi

Mama Fundi alikuwa na swali moja alilomtupia kila mtu, awe mteja, mlinzi wa mlangoni au mchungaji: "Nani alikupima?" Ukiingia chumbani kwake pale mtaani Berea umevaa blauzi inayokubana kwapani, atakuuliza kabla hujapata pa kukaa. Ukimjibu kwamba umeinunua dukani ikiwa imeshonwa tayari, atasonya, atavuta tepu iliyoning'inia shingoni mwake siku zote, na kukupima hapohapo bila kuombwa. "Kifua chako ni hiki. Ile blauzi ni ya mtu mwingine. Juu ya nini unavaa mwili wa mtu mwingine?" Wengine walikasirika. Mimi nilicheka, mwaka wa kwanza. Baadaye nilikuja kulielewa swali lile, na tangu nilielewe nimekuwa mtu wa hasira, wala sioni sababu ya kumwomba mtu radhi.

Nilikuwa nauza vitambaa katika duka moja la Fordsburg. Mwaka 2014 nilipanga chumba katika fleti aliyokuwa akiishi Mama Fundi na familia yake, ghorofa ya nne, lifti ikiwa imekufa kabla sijafika nchi hii ya kusini. Yeye, mumewe na binti yao walikuwa na chumba kikubwa chenye baraza; mimi nilikuwa na kile kidogo kinachopakana na jiko, na jiko lenyewe tulilitumia wote. Siku ya kwanza nilimwamkia kama nilivyofundishwa Tanga.

"Shikamoo, mama."

Akanitazama juu ya miwani. "Hiyo ni nini?"

Nikamweleza kuwa ni salamu ya mdogo kwa mkubwa, na mkubwa huitikia marahaba. Akafikiri kidogo. "Bon, sawa," akasema kwa Kiswahili chake cha Lubumbashi, "lakini usiniambie kila asubuhi, niko na kazi." Hata hivyo nikipita bila kumwamkia alikuwa ananiita nirudi.

Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na alishona kama mtu anayegombana na kitambaa. Hakupenda maneno cherehani ikizunguka. Chaki aliiweka nyuma ya sikio. Alishona sare za shule, magauni ya kwaya, mapazia ya hoteli, lakini kazi iliyomlisha ilikuwa ya turubai na ngozi: mikoba mizito, mikanda, na mifuko ya kubebea silaha za wawindaji. Kazi hiyo ndiyo iliyomkutanisha na upinde.

Kuna mama mmoja wa Kikaburu, mtu mzima, mjane, aliyekuwa na kiwanja cha kulengea shabaha nje ya mji. Sote tulimwita Tannie, yaani shangazi kwa lugha yao. Alikuja na upinde mmoja ili Mama Fundi aushonee mfuko. Usidhani ni upinde kama ule wa kukata mti na kufunga upote, ule ugwe wa kuvutia. Huu ulikuwa wa chuma, una magurudumu mawili, moja kila ncha, na nyaya zinazopita kati yake. Unapouvuta, uzito wote unakuja mwanzoni. Ukikaribia mwisho magurudumu yanageuka na uzito unapungua, ndipo unaweza kutulia na kulenga. Na huwezi kuuvuta upendavyo. Una mahali unapogota. Mahali hapo lazima pawe sawa na urefu wa mkono wako, la sivyo mwili wako wote utajipinda kuufuata.

Haya yote nilikuja kuyajua baadaye, kwa uchungu. Siku ile nilimwona tu Mama Fundi akiuzungusha mezani, akigusa magurudumu kwa kidole kama anavyokagua cherehani. Tannie akamuuliza kama anataka kujaribu. Jumamosi iliyofuata akaenda. Alirudi jioni, mikono imemchoka hata kikombe akakishika kwa yote miwili, akaniambia, "Mdogo wangu, leo kwa masaa mawili hakuna mtu aliniambia nifanye haraka."

Tannie akampa upinde wa marehemu mumewe. Alimpa kwa moyo safi, nakubali. Lakini hata yeye, mwanamke, hakufikiria kumpima.

Kwa karibu miaka miwili Mama Fundi alilenga shabaha kwa upinde ule wa marehemu. Akawa anakwenda na Tannie kuwinda kwenye mashamba ya kaskazini, kwa kibali, wakijificha ndani ya kibanda karibu na maji wakingoja wanyama. Nyama aliyorudi nayo aliigawa jengo zima, yeye mwenyewe hakuila. Hakupenda harufu yake. Siku moja alinigongea na bakuli lililofunikwa, uso umemng'aa. Nikamuuliza ni nyama gani. "Ngiri," akasema. Nikamkumbusha kuwa mimi ni Mwislamu na ngiri ni nguruwe wa porini. Alikasirika siku mbili, kana kwamba dini yangu niliitunga usiku ule ili kumwudhi. Siku ya tatu akaleta maharage.

Ndivyo alivyokuwa. Aliweza kukaa saa tano kibandani bila kukohoa, lakini mbwa mdogo wa mlinzi wa jengo letu alimfanya ajibane ukutani na kuniita nimfukuze. Aliwakaripia watu wanaoagiza wanawake wavae hivi na vile, halafu mteja akileta mshono wa mikono mifupi, yeye anashona mirefu kwa sababu ameona inampendeza zaidi. Ukimlalamikia anasema, "Wewe ulisema unachotaka. Miye nimekupa kinachokufaa." Nilimpenda. Nasema mapema, maana kuna mambo mbele ambayo yatawafanya mdhani sikumpenda.

Basi, majira ya baridi ya mwaka 2016 alirudi kutoka shambani siku ya Jumapili akajifungia chumbani. Jumatatu cherehani haikulia. Nilimkuta amekaa kitandani, mkono wa kushoto ameukunjua juu ya mto. Kuanzia kiwiko hadi karibu na kiganja ulikuwa mweusi na zambarau, umevimba.

"Umeanguka?"

"Upote umenipiga. Kila mara unanipiga pale pale, lakini hii safari umenipiga vizuri." Alikuwa akizungumza taratibu sana. "Ile si kitu. Nimempiga swala tumboni."

Alinisimulia. Swala alikuja kunywa, akasimama ubavu, karibu kabisa, shabaha ambayo hata mwanafunzi haikosi. Mama Fundi akavuta. Kwa sababu upinde ulikuwa mrefu kwake, ilimlazimu kuegemea nyuma na kunyoosha mkono mpaka ukakaza. Alipofyatua, upote ukakwangua mkono na mshale ukaenda upande. Swala hakuanguka. Alikimbia na mshale tumboni. Wakamfuata kwa damu toka asubuhi hadi jua linazama, Tannie, yeye na mfanyakazi mmoja wa shamba, na hawakumpata.

"Eko kule sasa," akasema. "Kama hajakufa, eko anaumwa. Juu yangu."

Kisha akainuka, akautoa upinde mfukoni, akaulaza mezani akaupima kwa tepu. Akanipa tepu nimpime yeye, mikono imetandazwa, kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole. Aligawanya kwa mbili na nusu, kama alivyomsikia Tannie kiwanjani akimweleza mgeni mmoja wa kiume. Upinde ulimzidi inchi tatu nzima. Alikaa chini.

"Miaka miwili," akasema. "Miye, fundi. Miaka miwili nimevaa koti la maiti na sikujiuliza nani alinipima."

Bega lake la kulia, nalo lililoumia kwa kuvuta vile, lilichukua wiki tatu kabla hajaweza kusukuma turubai chini ya sindano. Sare za shule alizishona kwa mkono mmoja na nusu. Bega lilipopona, alisema anataka upinde mpya, wake, na hatawinda tena mpaka aupate.

Tulikwenda dukani Jumamosi asubuhi, upande wa kaskazini wa mji, mahali ambapo hata wanaoegesha magari wamevaa vizuri kuliko mimi. Jina la duka sitalitaja. Mumewe ndiye aliyeendesha gari. Alikuwa shemasi katika kanisa lao, mtu mpole wa sauti, mrefu, na wote tulimwita Shemasi. Mimi nilikwenda kwa ajili ya Kiingereza, kwani Kifaransa cha Mama Fundi kilikuwa kikubwa lakini Kiingereza chake kilikuwa cha sokoni.

Muuzaji alikuja anatabasamu, akapita mbele ya Mama Fundi, akampa Shemasi mkono. "Karibu, bwana. Unatafuta kitu gani leo?"

Shemasi akasema, "Si mimi. Ni mama."

"Ah, vizuri sana!" akasema yule kijana, bado anamtazama Shemasi. "Ana nguvu kiasi gani?"

Nilitafsiri. Mama Fundi akasema, "Mwambie aniulize miye." Nikamwambia. Kijana akacheka kidogo, kama mtu aliyeombwa kuzungumza na kitoto cha mgeni wake, akaenda rafuni akarudi na upinde wa rangi ya waridi. Rangi ya waridi iliyokolea, na maua yamechorwa kwenye kishikio.

"Huu ndio wetu wa akina mama," akasema. "Mwepesi, hautamsumbua. Wateja wetu huwanunulia wake zao waje kujiburudisha nao wakati wao wanalenga."

Mama Fundi aliupokea. Aliugeuza, akasoma kibandiko kidogo chini ya gurudumu. Alikuwa amejifunza kusoma vibandiko. Nguvu yake ya mwisho ilikuwa ratili ishirini na tano. Upinde wa kutobolea karatasi. "Mwambie," akaniambia kwa sauti ileile ya taratibu niliyoisikia Jumatatu ya swala, "hii itamjeruhi mnyama bila kumwua. Nataka wa kuwindia. Ratili arobaini, niweze kupanda polepole mpaka hamsini."

Nikatafsiri neno kwa neno. Kijana akamgeukia Shemasi. "Kwa kawaida wanawake hawawezi kuvuta hizo, bwana. Atajiumiza. Lakini kama anasisitiza, chukua huu wa wanaume, tutaulegeza." Akashusha upinde mweusi, mkubwa, akampa Shemasi aushike.

"Urefu wake wa kuvuta ni ngapi?" nikauliza mimi.

"Inchi ishirini na nane. Ndio wa kawaida."

"Wa kawaida wa nani?"

"Wa kila mtu."

Hapo Mama Fundi akaivua tepu shingoni. Akanipa ncha moja, akatandaza mikono katikati ya duka lile, miguu pamoja, kidevu juu, kama anavyowasimamisha wateja wake. Nikampima. Nikasoma kwa sauti. Watu wawili waliokuwa wakichagua mishale wakaacha wakatutazama. Mama Fundi akagawanya kichwani, akasema kwa Kiingereza chake mwenyewe, bila kunisubiri: inchi ishirini na tano. Mimi. Ishirini na tano. Kisha kwa Kiswahili, akinyoosha kidole kwa kijana: "Muulize, miaka yote ameuza hapa, amepima wanawake wangapi?"

Nikauliza. Kijana akawa mwekundu. Akasema, "Mama, tafadhali, tulia." Nikamwambia kwamba mtu pekee aliyetulia mle ndani ni Mama Fundi, na mimi ndiye niliyekuwa napiga kelele. Kweli nilikuwa napiga kelele. Nilimwambia kuhusu mkono uliovimba na mnyama aliyekimbia na mshale tumboni, kwa Kiingereza ambacho sikujua ninacho.

Na Shemasi? Hili ndilo linalonichoma kuliko yule kijana, maana kijana ni mgeni kwetu. Shemasi alimshika mkewe kiwiko, akasema kwa upole wake, "Mama, msikilize mtaalamu. Yeye ndiye anajua. Chukua huu wa waridi tuende, unakutosha."

Mama Fundi akamgeukia mumewe. "Unanitosha," akarudia. "Nani alinipima?"

Akaurudisha upinde wa waridi kaunta, polepole, akiwa ameushika kwa mikono miwili ili usigonge kioo. Akatoka. Shemasi alibaki nyuma anaomba radhi. Nilimsikia kwa masikio yangu. Alikuwa akimwomba radhi muuzaji.

Tuliposimama kwenye robot, yaani taa za barabarani, ya mwisho kabla ya Berea, Shemasi akawasha redio, Mama Fundi akaizima.

Kesho yake alimpigia simu Tannie, nami nikakaa pembeni kutafsiri. Sikupamba. Nilimwambia Tannie kwamba upinde wa marehemu ulikuwa umemwumiza, na kwamba yeye Tannie aliona mkono wake ukivimba miaka miwili akadhani ni kawaida. Kisha Tannie akasema, "Na mimi hivyohivyo. Nilivumilia wa mume wangu miaka sita kabla sijanunua wangu. Nilifikiri ndivyo mtu anavyojifunza." Nilipotafsiri, Mama Fundi akafumba macho. "Mwambie ni mjinga," akasema. "Mwambie na miye ni mjinga. Jumamosi nakuja."

Jumamosi hiyo Tannie alikuwa ameazima pinde tano mpya kutoka kwa mwuzaji anayefahamiana naye, akazipanga juu ya meza ya kambi. Sijawahi kumwona mwanamke akichagua kitu vile. Kwetu sisi kuchagua ni kuangalia, kutamani, kisha kuchukua kile ulichoruhusiwa. Yeye alikaa kwenye kiti cha plastiki, miguu imenyooshwa mbele, akavuta kila upinde akiwa amekaa, mkono umeelekea moja kwa moja kwenye shabaha. Ikibidi kuuinua juu angani ndipo uvutike, anauweka chini: huo ni mzito kuliko bega lake. Ukivutika, anaushikilia, nami nahesabu. Nikifika thelathini kabla mkono haujatetemeka, unabaki mezani. Kisha alitazama pua yake inagusa wapi upote, kidole chake kinakaa wapi shavuni, kiwiko kimekunjika kidogo au kimekaza. Aliuliza kama kipimo kinaweza kubadilishwa bila kununua magurudumu mengine. Aliubeba kila mmoja akazunguka nao kiwanja, kwa sababu porini, alisema, utaushika saa nyingi na utaulenga dakika moja.

Alitumia saa tatu. Tannie alileta kahawa, ikapoa. Hakuna aliyemwambia afanye haraka.

Uliomfaa ulikuwa wa nne. Mfupi, mwepesi, inchi ishirini na tano kamili, unaanzia ratili thelathini na tano unapanda hadi hamsini. Alipofyatua mara ya kwanza hakusema kitu. Mara ya pili mishale ikakaa pamoja ukubwa wa kiganja. Mara ya tatu akaugeuza mkono wake wa kushoto juu akanionyesha: hakuna alama.

Tatizo lilikuwa moja. Ule wa mezani ulikuwa wa kuazima, hauuzwi, na uliobaki wa kipimo kile, mji mzima, ulikuwa wa rangi ya waridi.

Tannie alilisema hilo kama mtu anayetangaza msiba. Mama Fundi alianza kutukana kwa Kifaransa, kisha kwa lugha ambayo mimi na Tannie hatukuijua, alizunguka kiwanja kizima akitukana, akarudi, akaulipa kwa pesa yake ya kushonea turubai. Nyumbani alishonea kishikio chake gamba la ngozi ya kahawia, mshono mdogo ambao huoni unapoanzia. "Rangi si kosa lake," akaniambia. "Walimpaka bila kumuuliza."

Mwezi wa saba wa mwaka 2017 alimpata swala kwa mshale mmoja. Mnyama hakutembea hatua ishirini kabla ya kuanguka.

Ningependa kuishia hapo. Lakini maisha ya mwanamke hayaishii pale alipopata kinachomfaa. Ndipo watu wanapokumbuka kukiomba.

Wazee wa kanisa lao walimwita Shemasi, wakamwambia haipendezi mke wa shemasi kushika silaha. Hawakumwita mwenye silaha. Wiki mbili baadaye alikuja nyumbani mzee mmoja aliyehamia kanisani kwao kutoka tawi jingine, akausifia upinde, na Shemasi, kwa upole wake uleule, akampa zawadi. Mama Fundi alirudi kutoka kupeleka sare, akakuta mfuko umelala bapa ukutani.

Hakupiga kelele. Jumapili alivaa kitenge chake cha bluu, akanialika nimsindikize mpaka mlangoni. Ulipofika wakati wa ushuhuda alisimama mbele ya waumini wote. Nilikuwa nje, dirisha limefunguliwa. "Bwana asifiwe," akasema, wakaitikia. "Ninashuhudia kwamba kuna kitu changu, nilikinunua kwa mikono hii, kipo nyumbani kwa mzee aliyekaa mstari wa pili. Kimefika kule bila miye kujua. Ninaamini Mungu atamgusa moyo akirudishe leo, mbele ya chakula cha mchana. Amina." Akakaa. Kwaya ilisahau kuimba.

Upinde ulirudi saa nane mchana, umeletwa na mke wa yule mzee, na mke wa yule mzee akaomba aonyeshwe jinsi ya kuuvuta.

Mtu kama huyo ungemtegemea akutetee. Mimi nilimtegemea. Mwishoni mwa 2017 niliolewa nikahamia mitaa miwili kutoka pale, na mwaka uliofuata, asubuhi moja, nilipanda zile ngazi za ghorofa nne nikiwa nimejifunika mtandio mpaka machoni. Nilipoufunua, Mama Fundi aliacha kushona. Shavu langu moja lilikuwa limeziba jicho.

Alinipa chai. Alinipa barafu kwenye kitambaa. Kisha akasema, "Rudi, mdogo wangu. Mwanaume anapoa. Ongea naye vizuri, usimjibu akiwa na hasira."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Nirudi?"

"Ndoa ni changa. Watu watasema nini?"

"Wewe," nikamwambia, "wewe uliyekataa kupangiwa kipande cha chuma, leo unanipangia mtu?"

Akaweka mguu kwenye cherehani ikaanza kulia, na nikajua amechagua kutonisikia. Niliacha chai yake mezani. Nilirudi kwa mume wangu, na hilo sitamsamehe mtu, yeye wala mimi, kwa sababu nilirudi nikapigwa mara mbili nyingine kabla sijaondoka. Niliondoka mwenyewe, Ijumaa wakati wa sala, na mifuko mitatu. Niliacha duka la Fordsburg nikaweka meza ya vitambaa kando ya barabara pale Marshalltown. Mama Fundi sikumtafuta. Nikisikia habari zake, kwamba amefundisha wanawake wanne pale kiwanjani, kwamba anampima kila mmoja kabla hajamruhusu kugusa upinde, nilikuwa nasikia kama vile mtu ananitonesha.

Mwaka 2019, siku ya Jumanne, saa tano asubuhi, alisimama mbele ya meza yangu. Amepungua. Sikuinuka.

"Binti yangu alikuja jana," akasema. Binti yule nilimwacha mwanafunzi; alikuwa ameolewa na kijana wa kanisani kwao, chaguo la Shemasi. "Alikuja na jino lake mkononi."

Nikaendelea kukunja vitambaa. "Ukamwambia arudi?"

"Hapana."

"Mimi nilikuja kwako na uso wangu mwenyewe. Hukuuona?"

"Niliuona."

"Basi?"

"Niliuona, halafu nikafikiria juu ya mume wangu na kanisa na vile watasema kwamba miye ndiye ninawaharibu wanawake. Nilifikiria juu yangu. Juu yako sikufikiria." Alisema bila kushusha macho. "Nilikukosea. Sikukuja unisamehe. Nimekuja twende. Shemasi anasema tungoje wazee waongee na yule kijana. Vitu vya mtoto wangu viko kule, vyeti vyake vya shule viko kule. Miye singoji wazee."

"Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu wewe unajua mtu anasahau nini akiondoka haraka."

Sikumsamehe. Nataka hilo lieleweke. Lakini nilimwomba jirani yangu anilindie meza, tukaenda.

Yule kijana alifungua mlango akiwa na soksi. "Mama, karibu, karibu. Tuongee."

"Sikuja kuongea. Toka mlangoni."

Akatoka mlangoni. Mama Fundi alikusanya nguo, mimi nikaenda moja kwa moja mahali ambapo watu huficha karatasi, chini ya godoro, nyuma ya kabati, ndani ya sanduku la viatu. Nikavipata vyeti, kadi ya kliniki, picha za utotoni. Kijana alikuwa anapiga simu. Akamnyooshea Mama Fundi. "Ni baba. Anataka kuongea na wewe."

Aliipokea, akasikiliza ule upole wa Shemasi kwa muda. "Niko kazini," akasema, akakata, akaiweka juu ya friji.

Tulishuka ngazi, yeye na sanduku, mimi na furushi la mablanketi na pasi. Ghorofa ya pili akasimama kupumua.

"Siku ile ulipotoka kwa mume wako," akaniuliza, "ulibeba vitu na nani?"

"Peke yangu."

Kulikuwa na watoto wanacheza mpira chini, tuliwasikia wakigombania goli. Kisha Mama Fundi akanyoosha mkono wake mtupu, akachukua na furushi nililokuwa nimeshika mimi, akalipandisha begani, lile bega lake baya, akatangulia kushuka.

Nilimwacha alibebe.